Kiatu cha Destin

Wifi yangu Huguette alirudi kutoka Polandi Jumatatu, na kufikia Ijumaa alikuwa bado hajatia mguu kwetu Kanyosha. Mara amechoka, mara kichwa kinamzunguka, mara usingizi wa Ulaya haujamtoka. Kuna watu wakipanda ndege mara moja tu, basi, hawashuki tena. Kutoka kwake Gihosha mpaka kwetu ni mwendo wa teksi moja, lakini wiki nzima alitutumia picha kwenye simu: Huguette mbele ya kanisa, Huguette ndani ya koti la kuazima, Huguette amefumba macho kando ya reli.

Hatukuwa tunangoja picha. Tulikuwa tunangoja kiatu.

Mume wangu Sébastien ana dada wawili. Mkubwa ni Mathilde, anayekaa nasi katika chumba cha nyuma na kuuza ndagala kavu, dagaa wa ziwani, mbele ya geti. Mdogo ni huyo Huguette, aliyeolewa na Mrundi mwenye kazi nzuri, akapata nyumba ya vigae na mtoto mmoja wa kike, Benite. Wote watatu walizaliwa ng'ambo, Kivu, upande wa Kongo. Siku watu wenye silaha walipoingia kijijini kwao, Sébastien na Huguette walikuwa tayari Bujumbura. Mathilde ndiye aliyekuwepo. Alikimbilia mtoni na wenzake, mwanawe Destin mkononi, mtoto wa miaka minne. Njiani kamba ya sandali ya mtoto ikakatika. Akaivua, akaishika kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akamshika mtoto. Majini watu wakasukumana, risasi zikapita, na alipofika upande wa pili alikuwa ameshika sandali peke yake. Mto ulimchukua Destin na haukumrudisha.

Ilikuwa sandali ya plastiki ya bluu. Aliishona katika kambi ya wakimbizi, baada ya yote, kwa uzi mweusi. Sijawahi kumuuliza alikuwa anamshonea nani.

Kwetu mtu ambaye mwili wake haukupatikana huzikwa kwa nguo yake. Unachimba kaburi kama kawaida, unaweka shati au kiatu ndani ya sanduku, mchungaji anaomba, watu wanarudi nyumbani kula, na matanga yanafungwa. Kama marehemu hakuacha chochote, unazika kipande cha mgomba. Na kuna mambo mawili hayana mjadala: kaburi likishachimbwa halilali tupu, na kitu cha mtu aliye hai hakiingii ndani yake, hata kifungo cha shati. Kukiingiza ni kumwita mwenyewe akifuate.

Mathilde alikuwa na kitu cha kuzika lakini hakukubali. Miaka yote sandali ilikaa ndani ya kopo la maziwa chini ya kitanda chake. Hakuvaa kitenge kipya, hakucheza kwenye harusi, hakusuka nywele. Ukimgusia habari za kaburi, ananyanyuka na kwenda kupanga ndagala zake upya. Sisi sote tulimwita Mama Destin, kama anavyoitwa mwanamke yeyote aliyezaa, na aliitika.

Ndipo likaja shirika moja la Ulaya. Lilikuwa linakusanya watu walionusurika mauaji katika nchi mbalimbali, liwapeleke Krakow na kwenye kambi za karibu ambako Wanazi waliwaua Wayahudi, ili watu hao wasimulie na wasikilizwe. Hapa walitaka mtu mmoja. Jina la Mathilde lilitolewa na mchungaji wetu, na Huguette akamsindikiza ofisini ili amtafsirie. Mzungu mmoja akamuuliza Mathilde, kwa upole kabisa, moyo wake unajisikiaje anapokumbuka. Mathilde akaangalia dirishani. Akaulizwa tena, akaangalia dirishani. Huguette akaona aibu, akajibu yeye, kwa Kifaransa chake cha shule ya masista, machozi yakimtoka mahali panapostahili. Walipotoka mle ndani, aliyekuwa amechaguliwa ni Huguette.

"Nitaenda kama mdomo yako, grande sœur," alimwambia dada yake mkubwa uani kwetu. Kisha akaomba sandali, kwa Kiswahili chao cha Kivu.

"Kule iko biatu mingi, bya batu walikufa, bamebiweka nyuma ya kioo. Bazungu banaelewa biatu. Nikiwaonesha hii, batajua."

Mathilde alifikiri siku nzima. Jioni alitoka na kopo lake, akatoa sandali, akaifunga ndani ya kipande cha kitenge kama mtu anayefunga chakula cha safari.

"Ipeleke. Ione zingine," alisema. "Lakini irudi, Mama Benite. Ikirudi, tutaizika."

Mimi nilikuwa napepeta mchele, nikaacha. Jambo ambalo mchungaji, mume wangu na mimi tulishindwa kumshawishi kwa miaka, alilisema mwenyewe, bila kuombwa. Tulipanga maziko yawe Jumamosi ya kwanza baada ya Huguette kurudi, naye Huguette akaapa kwa jina la Yesu kwamba kiatu hakitatoka mkononi mwake.

Jumamosi hiyo ilifika. Sébastien alikuwa ameshatuma wanaume wawili makaburini kuchimba tangu asubuhi, na mchungaji alikuwa ameshafika kwetu. Fundi seremala alileta sanduku. Tulimwambia ni kwa ajili ya kiatu tu, lakini yeye alitengeneza la kumtosha mtoto, akakataa kupunguza. Mathilde alikuwa amesuka nywele. Nilipomwona hivyo mlangoni, shingo yake yote nje, moyo uliniuma, kwa sababu ndipo nilipojua kwamba kweli alikuwa amekubali.

Huguette akaja saa sita, amevaa nyeusi kutoka juu mpaka chini, na Benite nyuma yake. Mtoto alikuwa amevaa viatu vipya vyekundu, vya ngozi, vyenye vifungo vinavyong'aa.

"Bya Krakow!" Benite alitupigia kelele kabla hata ya kutusalimu, akainua mguu mmoja tuone.

Nyumbani kwangu viatu vinabaki mlangoni, hata vya Krakow. Akavivua, akavipanga pembeni ya rundo la viatu vyetu visije vikachafuliwa na vyetu. Alikuwa mtoto wa mama yake.

Zikaja zawadi. Mimi nilipewa sumaku ya kubandika kwenye friji, yenye sura ya joka, na sina friji. Sébastien alipewa kofia. Mathilde alivishwa shingoni ushanga wa kaharabu, na Huguette akarudi nyuma kidogo kuutazama unavyokaa.

"Aksanti," Mathilde alisema. "Iko wapi?"

"Nipumue kwanza, Mama Destin. Tutafika."

Akaunganisha simu yake na televisheni yetu, akaanza. Nakubali, Huguette anajua kusimulia. Alitupeleka kwenye uwanja mkubwa wa Krakow, ambapo kila saa mtu anapiga tarumbeta juu ya mnara wa kanisa na kuikata katikati ya wimbo, na akaiiga kwa mdomo mpaka mchungaji akacheka. Alituonesha uwanja mwingine uliojaa viti vya chuma visivyokaliwa na mtu, mahali ambapo Wayahudi wa mji walikusanywa kabla ya kupelekwa. Kisha Auschwitz, kambi yenyewe. Masanduku ya safari yameandikwa majina kwa rangi nyeupe, na wenyewe walidhani watayahitaji. Chumba cha nywele za waliouawa, ambacho huruhusiwi kupiga picha. Alipofika kwenye viatu sauti yake ilishuka, na hapo hakuwa anaigiza. Viatu vilijaa ukuta kwa ukuta, rangi zimekwisha, vyote vimekuwa kama vumbi.

"Bya batoto biko?" Mathilde aliuliza.

"Biko."

"Iko byenye walishona?"

"Sikuangalia, grande sœur."

Mathilde akaitikia kwa kichwa polepole. Nilidhani alikuwa ameridhika. Leo najua alikuwa ameanza kuogopa, maana mtu aliyebeba sandali ile mkononi angeangalia.

Huguette akaendelea haraka: chakula, hoteli, baridi, jinsi walivyompenda, jinsi walivyomwalika tena mwezi wa tano, Bruxelles, Ubelgiji, azungumze mbele ya watu wengi zaidi. Mchungaji akatazama saa yake. Benite, ambaye picha hizo alikuwa amekwisha kuziona zote nyumbani, alichoka.

"Maman, weka ile ya kulia."

"Nyamaza."

"Ile kila mutu analia! Iko hapo, hapo!" Na akaigusa mwenyewe, kwa kidole, kabla mama yake hajaivuta simu.

Kwenye televisheni yetu akatokea Huguette amesimama mbele ya mawe makubwa meusi, mwisho wa reli, mvua ikinyesha. Watu wamemzunguka na miavuli. Mkononi ameshika sandali ya bluu. Akaanza kwa Kifaransa: *Je suis Maman Destin.* Mimi ni Mama Destin. Akasema: mwanangu alikuwa na miaka minne. Akasema: nilimshika mkono, mto ukaninyang'anya, mwanangu amekufa na sina kaburi lake. Alisema yote, neno kwa neno kama Mathilde alivyotusimulia mara moja tu katika maisha yake, jikoni kwangu. Kisha akainama, akaiweka sandali juu ya jiwe katikati ya maua na mishumaa, akaibusu. Wazungu wakamkumbatia mmoja mmoja. Wakaanza kuondoka naye wamemshika mabega, na sandali ikabaki nyuma, ndogo, inanyeshewa. Video ikaishia hapo.

"Kisha?" Mathilde aliuliza.

"Kisha nini?"

"Kisha uliirudilia?"

Huguette alijifuta macho. Alisema basi lilikuwa linangoja. Alisema alidhani atarudi kesho yake lakini ratiba haikuruhusu. Alisema hata angerudi, vitu vya pale vinaondolewa pamoja na maua. Sébastien akasema basi tuwaandikie wale Wazungu leo leo, tuulize, pengine kimetunzwa mahali. Nami nikasema nipe hiyo anuani mimi.

"Apana!" Huguette alisema, na sote tukaelewa kwa nini. Ukiuliza kiatu, utaulizwa ni cha nani.

Mtu mwingine angepiga magoti. Huguette akasimama.

"Munaniangalia kama mwizi, juu ya nini? We ulikaa kwa ile bureau kama jiwe, Mathilde. Bila mi, nani angejua Destin alizaliwa? Hapa nani angekuja kwa hiyo kaburi? Mbuzi? Kule batu banafika kila siku, ya dunia yote. Mi nimemupatia mutoto yako kaburi ya heshima. Hata aksanti, apana."

Nilitaka kumpiga. Nasema wazi, mkono ulikuwa umeshainuka, na ni mume wangu aliyeukamata. Mathilde akanyanyuka. Alivua ule ushanga wa kaharabu, akauweka juu ya televisheni taratibu usije ukakatika.

Mchungaji akakohoa. Kaburi liko wazi, alisema, na jua linakwenda, na sote tunajua haliwezi kulala hivyo. Mungu haangalii sanduku lina nini. Kiatu ni kitu tu, Destin yuko kwa Baba yake. Tuzike mgomba, kama wanavyozikwa wengine. Sébastien akachukua panga, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kipande cha mgomba kinachodondosha maji, tukakifunga kitambaa cheupe na kukilaza ndani ya sanduku.

"Sawa," Mathilde alisema. "Mi njo nitabeba."

Yeye ndiye wa kubeba. Akalichukua sanduku, akatoka wa kwanza. Mlangoni akainama kwenye rundo la viatu, muda mrefu kidogo. Nilidhani anatafuta ndala zake.

Tulipotoka sisi, Benite akaanza kulia: kiatu chake kimoja hakipo. Tukatafuta chini ya benchi, tukamsingizia mbwa wa jirani. Huguette akafoka kwamba viatu vile si vya sokoni, kwamba kwetu kitu kizuri hakidumu hata saa moja. Mwishowe mchungaji akatuharakisha, na mtoto akapanda gari na kiatu kimoja, kwa sababu alikataa kukivua kile kilichobaki. Mathilde alikaa mbele, sanduku mapajani, mikono yote miwili juu ya kifuniko.

Makaburini hapakuwa na watu isipokuwa wale wachimbaji wawili na sisi. Mchungaji akasoma, akaomba, akasema amina. Akamwambia Mathilde aweke sanduku. Badala yake Mathilde akapiga magoti kwenye udongo na kufungua kifuniko. Akautoa mgomba pamoja na kitambaa chake, akautupa majanini. Ndani ya sanduku kikabaki kiatu cha ngozi chekundu, chenye kifungo kinachong'aa.

 Sébastien akasema, "Yesu." Hata wachimbaji, ambao ni watu waliozoea makaburi, walirudi nyuma.

"Yangu!" Benite alishangilia. "Maman, imeonekana!"

Huguette alirusha mikono yake kwenye sanduku, lakini Mathilde alikuwa ameshalikumbatia, na amebeba magunia ya ndagala maisha yake yote. Hakupandisha sauti.

"Mama Benite, ulisema nini kule Pologne? Ulisema mbele ya bazungu mutoto yako amekufa. Mi sina mutoto kwa ile video. Mutoto alikuwa yako. Basi leo tunamuzika."

"We ni mulozi!" Huguette alimwita mchawi kwa kelele. "Mutoto iko na miaka saba! Mutoto ya dada yako! Mutoto yako, Mathilde!"

Na hilo lilikuwa kweli. Kwetu dada wa mama ni mama. Mathilde ndiye aliyemkanda Benite na kumuogesha alipozaliwa, kwa sababu Huguette aliogopa kumshika. Niliona Mathilde akimtazama Benite, na nikajua kwamba kile kiatu kilikuwa kinamchoma mikono.

"Kuko simu," alisema. "Iko mu sacoche yako. Bapigie bale bazungu. Baambie mi njo Mama Destin. Baambie ile kiatu haikuwa yako, baitafute. Kama haionekane tena, haina shida, lakini useme. Sema hapa, mi nisikie, na nitakupa yako."

Mchungaji akamwambia Mathilde hili si jambo la Mkristo. Mathilde akamjibu kwamba hata yeye, mchungaji, amesema kiatu ni kitu tu. Masikini mchungaji, akatazama Biblia yake.

Huguette alitoa simu mkobani. Akalipata kundi la wale aliosafiri nao. Nilikuwa nimesimama karibu, niliona picha zao ndogo ndogo na mioyo waliyomtumia. Akabonyeza pa kurekodia sauti. Akaisogeza simu mdomoni. Mimi nilikuwa namwombea, mwanamke ambaye mchana ule ule nilitaka kumpiga. Sema, mama. Maneno matatu tu. Sema umchukue mtoto wako twende nyumbani tukale.

Akavuta pumzi. "*Chers amis*," alisema. Ndugu wapendwa.

Kisha akatazama kioo cha simu, muda wa mtu kuhesabu ni wangapi watakaosikia. Akaondoa kidole. Sauti ile ikafutika.

"Haya ni mambo ya zamani," alisema, na hakuwa anamtazama yeyote kati yetu. "Mi siamini. Ni kiatu tu. Nitamununulia ingine." Akageuka kwa wachimbaji. "Mufunike."

Hakuna aliyesogea, kwa hiyo akarudia, kwa ukali, kama anavyoongea na watumishi wake. Nilidhani Mathilde angekataa. Nilidhani alikuwa amemtisha tu, na kwamba angelivuta sanduku nyuma, maana alimpenda yule mtoto. Lakini alikuwa amemtazama dada yake usoni akichagua. Akafunga kifuniko. Akalishusha sanduku mwenyewe, amelala kifudifudi ukingoni, nywele zake mpya zikiingia udongoni, mpaka likagusa chini. Mchimbaji mmoja akachukua koleo.

Huguette alisimama wima mpaka koleo la tatu. Hapo akaanza kulia, bila sauti na bila Kifaransa, akimtafuta Benite kwa mkono pembeni yake. Benite hakuwepo pembeni yake. Alikuwa amekwenda kwa Mathilde, anaruka kwa mguu mmoja, kwa sababu changarawe zilikuwa zimeshika joto na zinamchoma mguu usio na kiatu. Mathilde akajipangusa mikono, akachuchumaa, akampandisha mgongoni na kumfunga kwa kitenge kipya alichokuwa amekuja nacho ili akivae matanga yakishafungwa.

Tukaanza kurudi kwenye gari. Huguette alitufuata nyuma, hatua chache, hakuthubutu kumwomba mtoto wake.

"Mama mukubwa," Benite aliuliza huko mgongoni, "tutakuya kuchukua kiatu yangu lini?"

"Siku mama yako atasema mi ni nani," Mathilde alimjibu, akampandisha vizuri, na kuendelea kutembea.